Malalamiko Dhidi ya Mjane Aliyeuliza Kesho Ina Siku Ngapi

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

YAH: OMBI LA KUFUTA KIPINDI CHA JUMAMOSI HII, PAMOJA NA MALALAMIKO SABA YANAYOLIFUATA KAMA MKIA

Nakuandikia kwa unyenyekevu wa mtumishi wa miaka kumi na miwili katika redio hii, na kwa haraka ya mtu ambaye leo kwake ni Ijumaa.

Unanifahamu, lakini barua rasmi husomwa na wengi kabla haijamfikia mwenyewe, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni yule mtangazaji wa kipindi cha “Swali Lako Mezani” ambaye wasikilizaji wamembandika jina la Bwana Sahihisho, kwa sababu sijawahi kumsikia mtu akisema “masaa” nikanyamaza. Mwenzangu ni rafiki yangu wa miaka ishirini na miwili, dada anayeitwa Chiriku, ambaye hahitaji kuelezwa kwa kuwa hujieleza mwenyewe bila kuulizwa. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunasoma barua za wasikilizaji na kuzijibu. Za uandishi wa habari najibu mimi. Za muziki, filamu na nani kaachana na nani anajibu yeye. Za maisha tunazigombania.

Mpaka wiki tatu zilizopita sikuwa na lalamiko lolote. Sasa ninayo saba, na ninayaleta kwa mpangilio.

1. Nailalamikia barua yenyewe. Ilifika Jumatano, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kila herufi imekaa ndani ya kijumba chake kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu. Sikuisoma kabla ya kipindi. Mwongozo wa watangazaji unasema barua zote zisomwe kwanza. Naujua vizuri mwongozo huo, niliuandika mimi. Basi nikaifungua hewani, nikaisoma kwa ile sauti yangu ya msibani ambayo uliwahi kuisifu:

“Ndugu zangu, huwa nawasikiliza nikipiga pasi nguo za watu. Nina swali la uandishi wa habari. Miaka kumi na tisa iliyopita mume wangu, mchora vibao vya maduka, alifariki. Akaja kijana mwandishi, mwembamba, ana adabu zake, kalamu iko sikioni. Akaniomba picha ya marehemu aitie gazetini. Nilikuwa nayo moja tu, ya studio, amevaa koti. Kijana akaniambia, Mama, kesho naileta. Habari ilitoka, nzuri, nikalia. Picha haijarudi. Swali langu ni hili: kesho ya waandishi wa habari huwa na siku ngapi? Ni mimi, Mjane wa Mchora Vibao.”

Nakuuliza, Ndugu Mkuu, hiyo ni barua au ni mtego?

2. Nailalamikia mitambo yetu. Fundi mitambo amewekewa kitufe cha kukata matusi, lakini hana cha kukata majivuno. Laiti angekuwa nacho, angeniokoa. Nilisema, na rekodi ipo, kwamba mwandishi wa namna hiyo ni mwizi mwenye kitambulisho. Nilisema kwamba anayechukua picha ya pekee ya marehemu amemzika mara ya pili. Sentensi hiyo niliipenda, nikairudia. Kisha nikagonga meza, chai ya Chiriku ikamwagika, nikasema, “Mama yangu, kuanzia leo kazi hii ni yangu. Mtu huyo nitamtafuta, nitampata, na nitamleta hapa mbele ya kipaza sauti hiki aombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe!”

Hakuna aliyenizuia.

3. Namlalamikia Chiriku, maana angeweza. Yeye na mimi tulikuwa na meza moja kule gazetini. Yeye aliandika ukurasa wa muziki na filamu, mimi niliandika ukurasa wa “Waliotutoka”, ambao kazi yake ilikuwa kwenda kwa wafiwa, kunywa chai yao, kuomba picha na kuwasifu marehemu ambao sikuwahi kukutana nao. Nilipofika kwenye maneno “kalamu iko sikioni” nilimwona Chiriku amenikazia macho. Sikujali. Kalamu yangu wakati huo ilikuwa sikioni.

Tulipoweka wimbo, alichukua bahasha ya ile barua, akaandika mgongoni, akanisukumia. Aliandika: “Mchora vibao. Mlango wa kijani. Ulirudi ofisini unapiga chafya kwa sababu ya harufu ya rangi. Ni wewe.”

Ndugu Mkuu, nimefanya kazi hii miaka ishirini na mitano na sijawahi kuona habari iliyothibitishwa haraka namna ile. Mara moja nilikumbuka kila kitu, mpaka kichwa cha habari nilichokiandika: “Mkono Ulioandika Mtaa Mzima.” Nilikumbuka mama aliyenipa picha kwa mikono miwili. Nilikumbuka pia kwamba siku ya kwanza nilisahau, siku ya tatu nilikumbuka nikiwa mbali, wiki ya pili niliona aibu, na baada ya mwezi aibu ilikuwa kubwa kuliko picha. Tangu hapo nilikuwa napita mtaa wa pili ili nisiuone mlango ule. Huo si wizi. Ni kuzunguka.

4. Nawalalamikia wasikilizaji, ambao wameniamini. Mtangazaji akitoa ahadi hewani, msikilizaji muungwana hutakiwa kuisahau kabla ya matangazo ya biashara. Hawa wameunda kamati. Mwalimu mmoja mstaafu ameniletea majina sita ya washukiwa, kila mmoja na sababu zake, na jina la nne ni la rafiki yangu ambaye sasa hapokei simu zangu. Mama mmoja wa saluni amesema akimpata mwandishi huyo atamnyoa bila maji. Na kinyozi wangu, akiwa na wembe shingoni mwangu, aliniambia, “Sahihisho, sisi tunamtafuta mtu mwembamba. Wembamba wamepungua, atapatikana tu.” Kwa mara ya kwanza maishani nililishukuru tumbo langu.

Narudi kwa Chiriku kwa muda, kwa sababu nilikuwa sijammaliza.

3 (b). Jumamosi iliyofuata, badala ya kunificha kama rafiki, aliniuliza hewani, “Bwana Sahihisho, upelelezi umefikia wapi?” Nikajibu kwamba uko katika hatua nzuri. Akauliza, “Mshukiwa yuko mbali?” Nikasema hatuwezi kutaja mambo yatakayoharibu uchunguzi. Akacheka mpaka fundi mitambo akashusha sauti.

Jumamosi iliyopita ikaja barua ya kijana mmoja akiuliza mambo ya wasanii: kwa nini mwanamuziki akimkosea mtu huweka mtandaoni picha nyeusi tupu yenye maneno meupe ya kuomba radhi? Hiyo ilikuwa barua ya Chiriku kabisa, ya burudani. Akaisukuma kwangu. “Jibu wewe, kaka. Hili unalijua.” Nami, badala ya kukataa, nilisafisha koo nikasema, “Ni kwa sababu kuwaomba radhi watu laki moja ni rahisi kuliko kwenda kubisha hodi kwenye mlango mmoja.”

Chiriku akasema polepole, “Rudia hapo.”

Sikurudia. Niliomba wimbo.

5. Namlalamikia mke wangu, ingawa najua si mwajiriwa wako. Jumatano jioni nilikuwa nimepanda juu ya stuli natafuta bati la biskuti juu ya kabati, ambamo huweka karatasi za zamani. Akaingia. Nikashtuka. Bati likaanguka likafunguka.

Nilitarajia picha moja. Zilianguka kumi na moja.

Mke wangu aliinama, akaziokota moja moja, akazipanga kitandani kama karata. Wanaume kumi na mmoja, wote wamenyooka, wote wananitazama. Akauliza, “Baba watoto, hawa wote ni ndugu zako?” Nikasema ni mambo ya kazi. Akageuza mojawapo, akasoma nyuma kwa sauti: “Tafadhali irudishwe.” Akageuza nyingine: “Ni hii tu tuliyo nayo.” Akaketi kitandani. Tumeoana miaka kumi na saba, na kwa miaka yote hiyo huwa ananiambia nimesahau chumvi, nimesahau mwavuli, nimesahau kumpigia mama yake. Safari hii hakusema kitu. Alizikusanya, akazifunga kwenye leso yake safi, akanikabidhi mkononi. Nalalamika kwamba kugombezwa nimekuzoea. Kule kunyamaza kulinitoa nyumbani kesho yake asubuhi bila chai.

6. Namlalamikia mpiga picha wa zamani, ambaye sijui yuko wapi na pengine naye ametutoka. Katika studio yake palikuwa na koti moja la wateja. Kila mwanaume aliyeingia alivalishwa koti lile, mnene likimbana, mwembamba likimpwaya. Wanaume tisa kati ya kumi na mmoja wamevaa koti hilohilo. Nyuma ya picha hakuna majina. Majina nilikuwa nimeyaandika mimi kwenye daftari, na daftari nililiacha gazetini nilipohamia kwako. Nikatumia akili. Nikachagua mwenye vidole virefu, kwa kuwa mchora vibao lazima awe na vidole virefu, nikaitia picha yake katika bahasha mpya. Zile nyingine nikaziacha ndani ya leso, mfukoni.

7. Sasa namlalamikia mjane mwenyewe, na hili ndilo lalamiko kubwa.

Nilifika kwake jana, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mlango bado ni wa kijani. Nikabisha hodi. Akafungua mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, pasi ya mkaa mkononi inatoa moshi. Ndani palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi lenye alama za kuungua, mashati yamening'inia ukutani, na redio imewekwa juu ya kiti chake yenyewe kama mtu. Nikasema, “Shikamoo mama.” Kabla hajaitikia, uso wake ukang'aa.

“Sauti hiyo! Wewe ni Sahihisho!” Akageuka, akaiweka pasi chini. “Marahaba, marahaba, karibu! Umempata? Umemleta?”

Kisha akatoka mlangoni, akanipita, akachungulia nyuma yangu, kulia na kushoto, kumtafuta mwizi.

Ndugu Mkuu, niko tayari kwa adhabu yoyote utakayonipa, mradi nisimwone tena mama yule akichungulia barabarani. Nikamwambia, “Mama, ni mimi.”

“Najua ni wewe, nimekwambia sauti nimeijua. Mtu wetu yuko wapi?”

“Ni mimi, mama. Yule kijana ni mimi.”

Akanitazama kuanzia viatu. Alipofika tumboni akatulia hapo kidogo. “Hapana,” akasema. “Yule alikuwa mwembamba.” Kisha akanitazama sikioni, kalamu ikiwa palepale, akarudi ndani. Nikamfuata kwa kuwa hakunifukuza. Aliniambia nikae, lakini kiti kilikuwa kimekaliwa na redio, nikabaki nimesimama.

Nikamtolea bahasha kwa mikono miwili. Akafuta vidole kwenye khanga, akaitoa picha, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu.

“Koti ndilo,” akasema. “Mtu siye.”

Nikafungua leso. Nikazipanga zile kumi juu ya meza ya pasi. Alipita mmoja mmoja kwa kidole bila kuzigusa. Kwenye ya saba kidole kikasimama.

Nilidhani atalia, nikajiandaa, kwa maana huko nyuma nilikuwa nalipwa kwa kazi ya kuwa karibu na watu wanaolia. Hakulia. Alikunja uso kama mtu aliyeletewa nguo isiyo yake. “Mbona ni kijana hivi?” akauliza. Akanisogezea. Alikuwa kijana kweli, wa miaka ishirini na minane labda. “Mimi nimekuwa nikizeeka naye,” akasema. “Humu kichwani. Nikitoa mvi, naye anatoa. Nikapoteza meno mawili, na yeye nikamng'oa mawili. Sikujua nimemwacha nyuma hivi.” Akaishika ile picha kifuani kwa kiganja, kama mtu anayezuia kifungo kilichokatika. “Ningekuwa naiona kila siku, ningekumbuka.”

Nikasema samahani. Lilikuwa neno dogo mno, nikajaribu kulirefusha: nikasema samahani sana, mama yangu. Halikurefuka.

Akaniambia, “Mwaka wa tatu niliacha kukusubiri. Lakini kila nilipoupaka mlango rangi niliupaka kijani, nikasema labda atakuja anautafuta wa kijani.” Hilo alilisema bila hasira yoyote, na hapo ndipo lalamiko langu lilipo. Mtu aliyekosewa anatakiwa akasirike ili aliyemkosea apate pa kushika. Yeye alinipa maji ya kunywa.

Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kuzikusanya zile picha nyingine. Akaniuliza, “Na hawa kumi, wake zao wanapiga pasi wapi?”

Nikasema sijui.

“Basi hujamaliza kazi,” akasema. “Na mimi pia hujanimaliza. Picha umeleta, nashukuru. Mtu hujamleta. Uliapa kwamba atakuja mbele ya kipaza sauti aombe radhi kwa mdomo wake. Nilikuwa nimesimama hapa hapa, nikaunguza shati la mtu kwa furaha. Jumamosi nitakuwa nasikiliza.”

Kisha akachukua pasi, akapuliza majivu, akarudi kwenye shati lake.

Ndugu Mkuu, hayo ndiyo mambo. Nimetafakari usiku kucha na nimeona kwamba kosa lote limetokana na barua. Kama wasikilizaji wasingeandika, sisi tusingesoma; kama tusingesoma, mimi nisingejibu; kama nisingejibu, nisingeapa; na kama nisingeapa, ningekuwa leo mtu mwenye heshima na picha kumi na moja kabatini. Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa adabu zote:

(a) Kipindi cha kesho kifutwe kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Sababu zenyewe fundi mitambo anaweza kuzichagua. Nimemwonyesha waya ambao akiuvuta kila mtu atadhani ni panya.

(b) Barua zote zenye kumbukumbu inayozidi miaka kumi zisipokewe, na waandishi wake wajibiwe kwa upole kwamba tunatazama mbele.

(c) Chiriku ahamishiwe utabiri wa hali ya hewa, ambako anaweza kutabiri mvua kwa uso ule ule bila kumdhuru mtu.

(d) Ikishindikana yote hayo, kipengele cha barua kifutwe kabisa kwenye kipindi, na mahali pake tuweke muziki usio na maneno.

Sidai haya kwa ajili yangu. Ni kwa heshima ya taaluma. Wasikilizaji wakijua kwamba mtu anayewasahihisha kila Jumamosi ni huyu, watamwamini nani?

Nimsalimie nani nimwache nani? Mfikishie salamu katibu muhtasi wako na mguu wake uliovunjika. Mlinzi wa getini, ambaye ameanza kunikagua mfuko. Dada wa usafi, aliyefuta ile chai mezani bila kuuliza. Na fundi mitambo, mwambie waya ni ule wa pili kutoka kushoto. Chiriku usimsalimie. Nitakutana naye kesho nikipenda nisipende.

Wako katika kazi, na katika kuomba kazi iwe ndogo,

Bwana Sahihisho

Baada ya kutia sahihi: Leo ni Jumamosi, saa nane mchana, na barua hii bado haijakufikia. Nilifika ofisini kwako jana, nikaona mlango umefungwa, nikaitia mfukoni. Asubuhi nilimwomba fundi mitambo avute waya. Akaniambia Chiriku amekwisha kuufunga kwa gundi.

Nilipofunguliwa kipaza sauti sikuwa na pa kuanzia, basi nikaitoa barua hii nikaisoma yote, tangu “Ndugu Mkuu wa Vipindi” mpaka maombi. Utaisikia kwenye rekodi, na naomba radhi kwa hapo kwenye mlango wa kijani ambapo sauti ya msibani ilinikataa, Chiriku akaichukua karatasi akaendelea kusoma yeye, mpaka pale anapotukanwa, akanirudishia. Mwishoni nikaomba radhi kwa mdomo wangu, bila wimbo nyuma.

Kwa hiyo nafuta maombi yote manne. Badala yake naomba utuongezee nusu saa kuanzia wiki ijayo, na barua ziwe nyingi, hata za miaka hamsini. Nimekaa nikaeleza hewani sura za wanaume kumi, mmoja mmoja: mwenye kovu kidevuni, mwenye tai iliyopinda, mwenye masikio ya kusikia vizuri. Watatu wamepata watu wao. Wamebaki saba.

Wa kwanza kupatikana alikuwa yule wa kovu. Alipiga simu dada mmoja, mtu mzima, akasema anadhani ni baba yake, ila alifariki yeye akiwa darasa la kwanza, na hana uhakika tena na kovu. Akaniuliza kama pichani amenuna au anacheka. Nikavaa miwani, nikaiweka picha karibu na taa, nikamwomba anisubiri kwa sababu sikutaka kukosea. Nikamwambia, “Ni kama mtu anayetaka kucheka, na mpiga picha amemkataza.”

Chiriku alikaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea katika redio hii. Kisha dada yule akasema, “Ndiye.”